Povu Kwenye Beseni la Bluu

Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya mashahidi wawili na idadi ya kuku isiyojulikana, kitambaa cha kwanza cha kwaya kilitolewa kwenye sufuria ya maji ya moto, kikakunjuliwa, na ikathibitika kuwa ni aibu.

Kilitakiwa kiwe na bluu nzito, na juu yake maua ya pamba iliyopasuka, meupe pe. Bluu ilikuwepo, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba maua nayo yalikuwa bluu. Mtu asiyeambiwa mapema kwamba kuna maua angeweza kukitazama kitambaa hicho hadi jioni na kurudi kwake na amani.

Klementina, mwenye kazi, alishika ncha mbili. Msaidizi wake Monika alishika mbili nyingine. Mlangoni, juu ya kigoda, mama mkwe wa Klementina, Bibi Kwandu kutoka Migato, aliendelea kuchambua choroko, lakini polepole, kama mtu anayetaka kusikia.

"Labda kikikauka," alisema Monika.

"Nyeupe haisubiri kukauka ndipo iwe nyeupe."

Wakatoa cha pili. Wakatoa cha tatu. Vilikuwa kumi na viwili, na vyote viliungana katika maovu.

Batiki si kazi ya siri. Unayeyusha nta na mishumaa, unachovya stempu ya mbao, unaigonga juu ya bafta nyeupe. Kitambaa kikishaoga kwenye rangi, unakichemsha ili nta itoke. Mahali nta ilipokuwa imekaa panabaki peupe, kwa sababu rangi haikupata njia. Kwa maneno mengine, nta ni mlinzi, na siku ya Jumanne walinzi wote wa vitambaa kumi na viwili walikuwa wamelala.

Kwaya ya parokia ilikuwa imeagiza vitambaa arobaini kwa ajili ya jubilei ya Jumapili, ambayo Askofu mwenyewe angehudhuria. Nusu ya kamati ilitaka sare zinunuliwe Mwanza. Mwenyekiti wa kwaya, Mwalimu Anatoli, alisimama kikaoni akasema Bariadi ina fundi, na fundi huyo anaitwa Klementina. Neno hilo "fundi" ndilo lililokuwa sasa linachemka sufuriani. Kwaya ikikosa sare, Klementina angerudi kuwa mama fulani anayechezea rangi uani kwake, na hakuna ambaye angemwagiza tena hata kitambaa cha kufunikia kikapu.

"Beseni lilitoa povu jana," alisema ghafla.

"Lilitoa. Nilikuambia, dada."

"Uliniambia kitambaa cha kumi na mbili kilipokwisha kutoka."

"Nilidhani umeliona. Wewe ndiye uliyekuwa umeinama juu yake."

Kwa miaka miwili Klementina alikuwa amechanganya rangi na dawa za kuishikisha, kostiki na haidro, kwenye maji ya moto, na beseni halijawahi kutoa povu. Alimtazama Monika, kisha akayatazama makopo ya rangi, kisha Monika tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama yeye na makopo kwa jicho moja la shaka.

&nbsp;

Salvatory, mume wake, alikuja kula saa saba. Alikuwa karani wa kupima pamba katika chama cha msingi cha ushirika, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kila gunia lina jiwe ndani yake mpaka litakapomwagwa chini. Alisikiliza habari ya povu huku akitafuna, akatafuna zaidi, akasema kwa sauti ya chini:

"Huyu Monika si amejiandikisha kwenye kikundi cha akina mama huko kwao Ngulyati?"

"Kikundi cha nini?"

"Mimi nimesikia tu. Kikundi. Batiki wataiacha?"

"Hajaniambia."

"Hapo sasa," alisema Salvatory, akanawa mikono kama aliyemaliza kesi.

Bibi Kwandu naye alikuwa na ushahidi. "Macho yake hayatulii, yule binti. Jana ameongea na simu akiwa amegeukia ukuta. Mtu mwenye neno jema anageukia ukuta?"

"Mama, jua lilikuwa linampiga kwenye kioo cha simu."

"Jua," alisema Bibi Kwandu, kwa dharau ambayo jua halijawahi kuonyeshwa katika mkoa wote wa Simiyu. "Na wewe na kazi yako, ng'wanone, mwanangu, sijui hata huwa unaonaje. Nimekaa hapa wiki tatu nakitazama kile kitambaa cha ukutani. Kina nyufa kila mahali. Mtu analipa kwa kitu chenye nyufa?"

Klementina alikuwa ameshaeleza mara nne kwamba zile si nyufa, ni mishipa: nta ikikauka inapasuka kidogo, rangi inapenya kama uzi mwembamba, na wateja wanaipenda. Hakueleza mara ya tano. Alikuwa anasikiliza hatua za Monika uani. Zilienda hadi kwenye karo, zikasimama, zikarudi. Kwa nini zilisimama? Alichukua kalamu akapiga mstari kwenye kopo la haidro, mahali unga ulipoishia, haraka kama mwizi.

&nbsp;

Mwalimu Anatoli alifika saa tisa kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo. Alikuja kuona maendeleo, na Salvatory alikuwa bado hajarudi kazini.

"Karibu, Mwalimu. Kazi inaendelea."

"Nimeamini. Nionyesheni hivyo vilivyokwisha."

Klementina akamwonyesha kile cha ukutani, cha mfano. Mwalimu alikisifu, akasema hicho alikwisha kukiona mwezi wa nne, akaomba vile vingine. Hakukuwa na pa kukimbilia. Vitambaa kumi na viwili vikatandazwa juu ya jamvi, na mwenyekiti wa kwaya akavikagua kimoja kimoja akiwa ameweka mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua mabweni.

"Maua yako wapi?"

"Beseni lilitoa povu, Mwalimu."

"Povu ni sabuni," alisema Mwalimu Anatoli, aliyekuwa akifundisha sayansi darasa la sita. "Hakuna povu bila sabuni. Na sabuni haijiweki yenyewe."

Watu wanne wakageuka kumtazama wa tano. Monika alikuwa amechuchumaa akikwangua masizi ya sufuria.

"Mbona mnanitazama?"

"Mkoba wake si uko pale," alisema Bibi Kwandu, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Klementina angeweza kusema hapana. Ilikuwepo nafasi, ndefu kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini Mwalimu alikuwa anasubiri, mume wake alikuwa anasubiri, na Jumapili ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote. Akauchukua mkoba kwenye msumari, akaupeleka mezani.

"Si kwa ubaya, Monika. Ni kuondoa shaka tu."

"Ondoa, dada."

Ikatoka kanga. Ikatoka chaja ya simu iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Vikatoka vipande vya michembe ndani ya mfuko, chakula chake cha mchana. Ikatoka picha ya pasipoti ya marehemu baba yake. Ikatoka pakiti ya pedi iliyofunguliwa, na hapo Mwalimu Anatoli akainua macho kuyaelekea mabati kwa uchaji mkubwa, na Salvatory akagundua kwamba ana jambo muhimu kwenye simu. Mwishoni kabisa ikatoka sabuni ya unga, pakiti ndogo, imekunjwa mdomo. Nusu.

"Haya," alisema Bibi Kwandu.

"Ya kufulia. Nimeinunua juzi dukani hapo mbele. Dada, hii Bariadi nzima nani hana sabuni ya unga?"

"Bariadi nzima haishiki beseni langu."

Klementina alisikia sauti hiyo ikitoka na kutambua, kwa kuchelewa, kwamba ilikuwa yake.

Monika alisimama. Alikunja kanga pembe kwa pembe, bila haraka, akarudisha kila kitu mahali pake, pedi mwisho, mbele yao wote. "Kama umemaliza, naomba mkoba wangu," alisema, ingawa tayari alikuwa ameushika. Akatoka kupitia mlango wa mbele, mlango wa wageni.

&nbsp;

Alhamisi Klementina alifanya kazi peke yake, na makopo ya rangi yalikuwa yamefungiwa chumbani. Aliyeyusha nta ileile, akagonga stempu kwenye kitambaa kimoja, akakipeleka kwenye rangi mpya, kwenye beseni aliloliosha mara tatu kwa mkono wake.

Povu likatoka.

Lilianza pembeni, dogo, la bluu, kisha likasambaa kwa furaha. Klementina alirudi nyuma hatua mbili. Mkosaji alikuwa Ngulyati, kilomita nyingi kutoka hapo, yeye na mkoba wake, na povu lilikuwa hapa.

Kilichofuata kilimhusu paka. Paka wa nyumba hiyo hakuwa na jina wala sifa njema, na alikuwa ameketi juu ya meza akiilamba stempu. Hakuwa anaonja. Alikuwa anailamba kwa ibada, amefumba macho. Kwa miaka miwili stempu hiyo ilikuwa imelala hapohapo na hakuna paka aliyewahi kuitamani, kwa sababu hakuna kiumbe anayelamba mshumaa.

Klementina alimfukuza paka, akatazama huku na huku, na yeye akailamba.

Samli.

Ilikuwa samli ya Migato, ile yenye moshi kidogo ndani yake, iliyokuja kwenye kibuyu wiki tatu zilizopita pamoja na mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa inanukia samli tangu siku hiyo, ndiyo maana pua hazikusema kitu. Na kostiki ikikutana na mafuta inafanya nini? Hilo Klementina alilijua. Walifundishwa pamoja, yeye na Monika, kwenye semina ya ujasiriamali, asubuhi batiki, mchana sabuni ya maji na ya mche. Kostiki na mafuta. Kwa hiyo maua ya kwaya yalikuwa yamegeuzwa sabuni juu ya kitambaa, yakajifua yenyewe, yakaenda zake.

Alimkuta Bibi Kwandu akiota jua.

"Mayu, hii nta yangu... kuna kitu uliiongezea?"

Uso wa bibi ukang'aa. "Umeona tofauti?"

"Nimeona."

"Nilijua utaona! Jumatatu mlipoenda sokoni niliiyeyusha nikaitia samli, vikombe viwili. Ngozi ya ng'ombe ikianza kupasuka unafanya nini? Unaipaka mafuta, inalainika. Kisigino kikipasuka? Mafuta. Nikasema, mke wa mwanangu anahangaika na nyufa, watu watamcheka mbele ya Askofu, na mimi nimekaa hapa na samli. Sikutaka kukuambia. Nilitaka ujionee."

Alikuwa anatabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Mke aliyeolewa ana maneno machache tu ya kumjibu mama mkwe, na mengi kati ya hayo hayasemwi kwa sauti.

"Wabeja, mayu," alishukuru Klementina.

&nbsp;

"Mama asijue," alisema Salvatory mchana huo, akiwa amevuta mlango. "Akijua ameharibu, kesho anapanda gari la Migato, na keshokutwa ukoo mzima unajua tumemfukuza kwa ajili ya matambara."

"Na Monika?"

"Monika si ameshaondoka?"

"Ameondoka na jina la mhujumu."

"Basi. Lawama ikishapata mtu wa kuibeba, ukiirudisha nyumbani utaiweka wapi?"

Ingependeza kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyompeleka Klementina kituoni kutafuta pikipiki ya Ngulyati. Dhamiri ilikuwepo, lakini ilisindikizwa na hesabu. Vitambaa arobaini, siku mbili, na nta hupoa wakati mtu mmoja akivuta kitambaa. Lazima mwingine awe anagonga.

Monika alikuwa uani kwao, akianua pamba kutoka kwenye turubai. Hakuinuka.

"Umekuja na nani? Na mgambo?"

"Peke yangu."

"Kagua basi. Nyumba ndiyo hiyo. Sabuni iko juu ya dirisha."

"Monika, haikuwa sabuni. Nta iliingiwa na mafuta. Ndiyo yaliyotoa povu."

Mikono ya Monika ikasimama. Mtu aliyefundishwa sabuni mchana na batiki asubuhi hakuhitaji maelezo zaidi. "Mafuta," alisema. "Nani aliyaweka?"

Klementina alitazama pamba.

"Haya. Na kile kikundi cha Ngulyati, mlichokiogopa nyote mliponitazama vile? Nilisikia mumeo anaongea. Nyumba yenu ina dirisha. Ni kikundi cha kuweka na kukopa, dada. Tunanunua mabati kwa zamu."

"Nisamehe."

"Unaniomba hapa, mbele ya kuku. Ulinipekua mbele ya watu." Akainua kiganja cha pamba, akatoa jani lililokauka. "Waite walewale. Wote watatu. Useme wakiwa wanasikiliza, kama siku ile. Halafu nitashika stempu."

&nbsp;

Ijumaa asubuhi mkutano ulifanyika uani, akidi ikiwa imetimia. Mwalimu Anatoli alibana suruali upya kana kwamba alitarajia kukimbia. Klementina alisimama karibu na meza.

"Povu lilitokana na mafuta yaliyoingia kwenye nta. Monika hakuhusika. Nilimpekua bila sababu."

"Mafuta yaliingiaje?" aliuliza Mwalimu.

Salvatory alitazama viatu vyake. Bibi Kwandu alitega sikio.

"Mimi ndiye niliyeyaweka," alisema Klementina. "Nilitaka nta iwe laini. Nilikosea."

Mwalimu Anatoli alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyepiga kura na sasa amesoma matokeo. "Klementina! Mimi nimesimama mbele ya kamati nzima nikasema fundi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mafuta gani?" aliuliza Bibi Kwandu.

"Mafuta tu, mayu."

"Mafuta gani, nauliza."

"Ya kupikia. Ya dukani."

"Ahaa!" Bibi akapumua kwa nafuu, akawageukia wengine. "Ya dukani. Hayo ni maji tu hayo. Yangekuwa samli safi, pasingetokea tatizo lolote. Na mtu kumsingizia mtoto wa mwenzake! Mimi binafsi sikuamini tangu mwanzo."

Monika alikwenda kwenye chungu cha nta, akainama, akanusa. Akainua kichwa, akamtazama bibi, akakitazama kibuyu kilichoning'inia nyuma ya mlango, kisha akamtazama Klementina kwa muda ambao Klementina aliuhisi hadi kwenye visigino. Alimwaga nta yote shimoni, akafungua pakiti za mishumaa mipya.

Walifanya kazi siku hiyo na iliyofuata, mmoja akivuta, mwingine akigonga. Vile kumi na viwili vilivyoharibika Monika alivipausha kidogo, akavichora upya juu ya bluu hafifu, wakavizamisha kwenye rangi nzito zaidi. Maua yakatoka, lakini ya rangi ya anga.

"Havifanani na vingine," alisema Klementina.

"Wape besi. Wanasimama nyuma, na hakuna anayewatazama."

Ulikuwa mzaha, na Klementina alicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Monika hakucheka. Alikuwa anagonga.

Jumapili kwaya iliimba katika sare arobaini, mishipa ikionekana vizuri. Askofu aliuliza zimetoka wapi. Mwalimu Anatoli alijibu kwamba ni za hapahapa Bariadi, za fundi wao mmoja, na baada ya kusita kidogo akaongeza, "na msaidizi wake." Wiki iliyofuata akina mama wa parokia wakaagiza vitambaa ishirini, wakamwomba Klementina, kwa heshima zote, asijaribu mafuta.

Jambo moja lilianza Ijumaa ileile, saa kumi jioni. Kazi ilipokwisha, Monika alinawa mikono, akauchukua mkoba wake kwenye msumari, akauleta mezani na kuumimina. Kanga, chaja, mfuko mtupu wa michembe, picha ya baba yake, pedi, sabuni ya unga. Akavipanga kwa mstari kama duka.

"Unafanya nini?"

"Naenda nyumbani. Kagua."

"Monika, yale yamekwisha. Nimesema mbele ya watu."

"Ulisema, dada, na nilisikia. Ulisema na la uongo, mbele ya watu walewale, na hukubabaika hata kidogo." Alisema hivyo kwa upole, sauti ya chini, ili ndani wasisikie. "Kumbe unaweza, na kesho inaweza kuwa juu yangu. Kwa hiyo kagua."

Klementina alidhani ni hasira ya siku moja. Jumatatu ilikuwa hivyohivyo. Mwezi ulikwisha, Bibi Kwandu akarudi Migato na sifa tele kuhusu mkwe wake, oda zikaongezeka, Monika akafundishwa kupima rangi mwenyewe na kupewa ufunguo wa makopo. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Saa kumi jioni akaumwaga mkoba mezani, na ufunguo nao akauweka kwenye mstari, kati ya chaja na sabuni.

"Basi, mdogo wangu. Nakuomba."

"Tazama tu, dada. Gari la Ngulyati litaniacha."

Klementina alitazama. Alitazama kimoja kimoja, kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kwa sababu akiruka kitu, Monika alisubiri mpaka akitazame.